Mwendo wa Kumfikisha Mgori

Punda ana miendo minne. Atakayekuambia ni miwili, kutembea na kukimbia, huyo punda kamwona kwa dirisha la basi.

Mwendo wa kwanza ni wa malishoni. Punda anajikokota kichwa chini, anasimama kunusa majani, anakumbuka safari, anaendelea. Wa pili ni wa mnadani. Huo ni wa mtu aliyechelewa mnada lakini hataki watu wajue kachelewa: hakimbii, ila ukitaka kuongozana naye inabidi ukaze mguu. Wa tatu ni mchakamchaka, kama ule tuliokimbizwa shuleni asubuhi na tumbo tupu. Mguu wa mbele wa kulia unatua pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha inabadilishana, na chochote kilicho mgongoni au kwenye mkokoteni kinarushwa juu. Wa nne ni nduki. Huo sijawahi kumfundisha punda. Fisi ndiye mwalimu wake.

Mimi shule niliiacha mapema, na sikufukuzwa. Niliona asali inanunua shati na ubao haununui. Nikabeba asali na nta kutoka vichakani Itigi hadi stesheni, kwanza kwa punda wa watu, baadaye kwa punda wangu. Wenzangu waliwapeleka punda wao mchakamchaka na mizigo mgongoni ili wawahi treni. Waliwahi kweli. Wakakaa pale stesheni wanaingoja treni iliyochelewa, punda wamechubuka mabega na kutetemeka magoti. Mimi nilikwenda mwendo wa mnadani, nikafika, na treni ikafika. Kwa mwendo huo nilijenga nyumba Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida, ya matofali ya kuchoma, bati juu, kisima uani, na hakuna anayeweza kuniambia alinishika mkono.

Zikaja pikipiki, yakaja maguta ya kubeba mizigo, nikawauza punda wote. Sikulia. Aliyelia ni mke wangu, kidogo, jikoni, akasema ni moshi.

Sasa huyu mke wangu ndiye ninayetaka kumwandika.

Alianguka pale kisimani kwangu akavunjika nyonga. Ilipona vibaya. Kwa fimbo aliweza kutoka chumbani hadi jikoni na kutoka jikoni hadi kwenye mkeka wake barazani, basi. Yeye ni mtu wa Mgori, kule kwenye msitu, na boma la mama yake liko mpaka leo, analo mdogo wake wa kiume wa mwisho. Kabla ya kuanguka alikuwa akienda kila baada ya mavuno. Baada ya kuanguka hakwenda tena.

Hakulalamika. Angelalamika ningejua la kumjibu. Yeye alikuwa akikaa barazani, upepo wetu huu wa Singida usiochoka ukivuma, anageuza uso na kusema, "Huu unatoka kwetu." Nikimletea mlenda anaonja, anaweka chini. "Huu si mlenda. Mlenda uko Mgori." Namwambia mlenda ni mlenda. Anageukia tena upepo.

Watoto walipopata habari kwamba mama yao anaota boma la bibi yao, wakakodi gari. Gari zuri, dereva mpole. Kabla hatujatoka mjini, tuta la kwanza, alipiga kelele. Tuta la pili hakupiga kelele, alinishika mkono kucha zikaingia, na hapo ndipo nilipomwambia dereva ageuze. Tukamrudisha kwenye mkeka wake.

"Basi," akasema. "Nitakwenda kwetu nikiwa kwenye sanduku. Sanduku haliumwi nyonga."

Kesho yake asubuhi nikamwambia, "Nitakupeleka mimi."

"Kwa usafiri gani?"

"Wa punda."

Akanitazama kuanzia kofia hadi ndala. "Mzee, una akili?"

"Ninazo zote. Hata zile ambazo shule haikuzichukua."

Binti yetu mkubwa akapiga simu kutoka Dodoma. "Baba, mama kubebwa na punda? Watu watasema nini?"

"Watasema shikamoo," nikamjibu.

Nilikwenda mnadani na jirani yangu Mnyiramba, mtani wangu mimi Mnyaturu, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Nilitembea pembeni ya kila punda jike aliyekuwepo kabla ya kumtazama kitu kingine chochote. Muuzaji mmoja akaniambia, "Mzee, mtazame kwanza meno!" Nikamwambia sitamwendesha kwa meno. Niliyemchagua alikuwa wa kijivu, kifua kipana, kwato nyeusi zisizo na ufa, na kwato zake za nyuma zilikanyaga mbele ya alama za kwato za mbele. Hiyo ndiyo dalili. Punda wa namna hiyo hatua yake ni ndefu, na hatua ndefu haimrushi abiria.

"Mtani," jirani akasema, "umri huu watu wanatafuta mke wa pili. Wewe unatafuta punda."

"Mke wa kwanza bado sijamaliza kumpeleka kwao."

Nikaanza kumtengeneza. Watu hawajui kwamba punda wa safari ndefu anatengenezwa. Wanadhani unamfunga tu unamchapa. Pumzi ya punda inakuja haraka. Kwa siku chache tu utamwona kapanda kilima wala mbavu hazihemi, nawe unafurahi. Usifurahi. Pumzi inatangulia, mishipa ya miguu inafuata nyuma, na mifupa inafuata nyuma kabisa, kama mzee anayerudi msibani. Ukimkimbiza kwa kuiamini pumzi, mguu unavimba. Kwa hiyo kwanza nilimtembeza tu, bila mkokoteni, mwendo wa malishoni kisha wa mnadani, na kila asubuhi kabla hajanyanyuka vizuri nilimpapasa miguu kwa kiganja, chini ya goti. Ukikuta joto, siku hiyo anakula majani.

Miguu ilipokuwa baridi kila asubuhi, ndipo nikampa mchakamchaka. Mfupi, bila mzigo, kwenye udongo mgumu lakini si mawe, na kwenye mwinuko, kamwe si kwenye mteremko. Mchakamchaka ni wa kujenga. Si wa kusafiria. Unampa huo ili mwendo wa mnadani uwe mwepesi kwake kama kula. Hilo nililijua tangu Itigi.

Kisha mkokoteni. Nilifunga matairi ya gari ya zamani nikayapunguza upepo, nikatandika majani ya mahindi, juu yake godoro, na juu ya godoro nikaweka beseni la maji. Hilo beseni ndilo lilikuwa mke wangu. Tukienda mchakamchaka, nusu ya mke wangu ilimwagika. Tukienda mwendo wa malishoni hakumwagika, ila kwa mwendo huo jua lingetukuta njiani na kutuchoma wote watatu. Mwendo wa mnadani ukimshika vizuri yule punda, maji yalitikisika ukingoni, hayakutoka. Nikasema, huu ndio. Kwa huu tutafika Mgori kabla jua halijakaza.

Lakini haukudumu. Tunakwenda vizuri, ghafla punda anasimama kama kagonga ukuta, na beseni linapinduka. Nikabadili kamba za kifuani. Nikapaka grisi ekseli. Nikasogeza godoro nyuma, nikalirudisha mbele. Punda anasimama tu. Nikaanza kumlaumu kwamba nimeuziwa mkaidi.

Jirani yangu alikuwa amekaa mlangoni pa mashine yake ananitazama siku hizo zote na hasemi kitu, maana mtani akiona raha haikatizi. Siku moja nikiwa napita mwendo mzuri kabisa, akapiga kelele kwa sauti ya heshima: "Shikamoo, punda!"

Punda akasimama tuli. Maji yakanirukia suruali.

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mtani, huyu kasoma adabu kuliko Wanyaturu wote!"

Ndipo nikaelewa. Mimi ni mtu mzima, kila ninapopita Mwankoko naamkiwa. Nami nilifundishwa na baba yangu kwamba shikamoo haiitikiwi ukitembea, kama unamtupia mbwa mfupa. Unasimama, unaitikia marahaba, unauliza nyumbani, unauliza mifugo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kila sauti iliposema shikamoo, mimi nilisimama, na punda alisimama. Nilidhani namfundisha mwendo. Nilikuwa namfundisha salamu.

Nikampeleka ufukweni mwa ziwa lililo karibu na kwetu, kwenye ule udongo mweupe wa chumvi ambako hakuna wa kuamkiana naye isipokuwa ndege. Akashika mwendo. Kisha nikamweka jirani yangu kando ya njia, nikamlipa kuku wa kuchoma, kazi yake kutuamkia, na kazi yangu kupita. Alifurahia kazi ile kupita kiasi. Mwishowe nikampitisha punda mtaani kwenyewe. Watu wananiamkia, mimi napita, macho mbele, naitikia kwa chini chini. Ilinichoma. Lakini punda alijifunza: shikamoo ni sauti ya watu, haimhusu.

Mke wangu akaletewa habari na wanawake wa jumuiya ya kanisani. "Wanasema siku hizi huitikii mtu. Wanasema umeanza kuringa."

"Waache waseme. Naringia nini? Beseni?"

Hakucheka. "Sitaki nipelekwe kwetu na mtu asiyeitikia," akasema.

Sikumsikiliza. Nilikuwa na mwendo wangu.

Tulitoka alfajiri, msimu wa upepo, baada ya alizeti kuvunwa. Tulimnyanyua mimi na jirani, tukamlaza ubavu ule mzima, nguo nyingi juu yake, fimbo yake pembeni. Jirani akamwambia, "Shemeji, akikutupa njiani, rudi, mimi nipo." Akamjibu, "Wewe mafuta yako yenyewe yanaganda, utanibeba na nini?" Nikajua leo yuko vizuri.

Punda alishika mwendo wa mnadani kabla hatujapita nyumba za mwisho. Sijapata kuona punda akitembea vile, na nimeona punda. Mimi nilikuwa pembeni yake, mkono shingoni, hatua kwa hatua. Nilimuuliza mke wangu, "Inauma?" Akasema, "Nasikia kama nimebebwa mgongoni." Nilitembea na neno hilo kwa muda mrefu sana.

Jua likatoka. Tukaingia kwenye vijiji. Watu walikuwa wanapepeta alizeti uani, na mmoja mmoja wakaanza kumtambua aliyelala juu ya mkokoteni. Mama mmoja akaacha ungo akaja mbio barabarani. "Shikamoo, dada! Ni wewe? Si walisema huwezi tena kusafiri?"

Punda akapita. Nilivyomfundisha ndivyo alivyofanya: masikio mbele, hatua ndefu, salamu haimhusu. Mke wangu akainua kichwa, anaitikia huku yule mama anabaki nyuma, anapungua, anakuwa mdogo. Akaja mzee mwenye baiskeli, akapitwa. Wakaja wanawake wenye ndoo, wakapitwa.

"Simamisha," akasema.

"Jua linakaza. Tukisimama kwa kila mtu hatufiki."

"Simamisha, mzee."

"Nyonga yako..."

"Nyonga ni yangu. Wewe unadhani nilikuwa nalilia nini pale barazani? Nyumba ya udongo? Nalilia watu wanaoniita jina langu la utoto. Nao ndio hao unaonipitisha kama gunia la mashudu."

Nikavuta hatamu. Punda hakutaka kusimama. Ilibidi nimzibie njia kwa kifua changu. Yule mama wa ungo alikuwa bado anatukimbilia. Alipofika akapanda kwenye mkokoteni, akamshika mke wangu miguu, wakaongea Kinyaturu cha haraka, kile cha wasichana kinachocheka katikati ya maneno. Sikuwa nimemsikia mke wangu akiongea hivyo tangu tulipooana. Nilisimama pale nimeshika kamba, mwenye mwendo bora kuliko wote Singida, na mwendo wenyewe haukuwa na kazi.

Safari iliyobaki tulikwenda mwendo wa malishoni. Ule niliokuwa nauona ni wa wavivu. Tulisimama kwa kila aliyetuamkia, na punda akashangaa, kisha akazoea. Jua lilipokuwa kali tulipumzika kwenye boma la watu nisiowajua, ambao walimjua yeye. Walitupa togwa. Mtu akamsokotea kata ya nguo ya kuegemezea nyonga. Jioni ndipo tukafika, msitu umeshakuwa mweusi kule nyuma, na shemeji yangu alitupokea mlangoni anafuta machozi kwa kofia.

Yule anayesema mwendo ni kufika tu, sikatai. Mimi mwenyewe nilisema hivyo maisha yangu yote.

Tulilala kule siku chache. Nikaanza kuweka mkokoteni sawa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya ukuta wa jiko la mama yake, anachambua mlenda, na wanawake watatu pembeni yake.

"Tutaondoka kesho alfajiri," nikasema.

"Wewe utaondoka," akasema, taratibu tu, kama anayenionyesha chumvi ilipo. "Mimi nimefika."

Nilidhani anatania. Wale wanawake wakainamia mlenda.

"Na nyumba?" nikauliza.

"Nyumba ni nzuri. Umeijenga vizuri. Lakini pale nakaa siku nzima nasikiliza bati. Hapa hata nikilala, kuna mtu anapita ananiita. Kaa na mimi."

Sasa hapa lazima niseme wazi ili asiyetufahamu aelewe. Mwanamume wa kwetu halali ukweni kama kwake. Analala siku mbili, anakula kuku, anaaga. Mzee mwenye nyumba ya bati kuhamia kwa shemeji yake, kula chungu cha shemeji yake, huyo watoto wanamtungia nyimbo. Mimi niliyesema hakuna aliyenishika mkono, nikashikwe mkono na mdogo wa mke wangu? Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Najua. Nimekuomba tu." Na kuomba kule kwa mtu anayejua jibu ndiko kunakoniamsha asubuhi mpaka leo.

Nikarudi na mkokoteni mtupu. Nikautazama ule mkunjo kwenye godoro pale alipokuwa amelala ubavu, nikalifunika kwa turubai ili upepo usilisawazishe.

Siku hizi naishi na bati na kisima. Nakwenda Mgori mara kwa mara, nalala siku mbili, nakula kuku, naaga. Amenawiri. Nyonga bado, lakini anatembea kutoka jiko hadi zizi, maana kule kuna mahali pa kwenda. Akinipigia simu anauliza kwanza, "Punda hajambo?" Namwambia, "Mimi je?" Anasema, "Wewe nakusikia, unaongea. Punda hawezi kuongea." Kisha hakuna anayekata. Nasikia kuku wa kwao kwenye simu. Nasikia mtu anamwita kwa lile jina la utoto ambalo mimi sijawahi kuruhusiwa kulitumia.

Jioni naweka vikombe viwili vya chai, si kwa kusahau. Sitaki kuzoea kimoja.

Wiki iliyopita nilimpigia shemeji. Nikamuuliza habari ya kile kipande cha ardhi kando ya barabara, nje ya boma lao, chenye mawe makubwa.

"Pale? Pale hata mbuzi hapataki, shemeji. Ni pa upepo."

"Ni ndani ya boma la ukoo wenu au ni barabarani?"

Akafikiri, akaelewa, akaanza kucheka kwa adabu, adabu ya mtu anayemcheka shemeji mkubwa. "Ni barabarani, shemeji. Barabarani kabisa. Mtu akijenga pale hajakaa ukweni. Amekaa njiani tu."

"Basi waulize wazee wako. Nanunua, sipewi."

Wazee bado hawajajibu. Lakini habari ilishamfikia mke wangu, maana jioni ile ile akapiga, na hakumuulizia punda.

"Nasikia unajenga."

"Sijengi. Nauliza."

"Ukijenga, mlango uelekee huku kwetu, nikuone ukitoka."

"Mlango wa mwanamume unaelekea barabarani."

"Huku kwetu," akasema.

"Barabarani," nikasema.

Hatujakubaliana mpaka leo. Kila jioni anapiga tunabishana juu ya mlango, na mimi, Mungu anisamehe, namwombea asikubali upesi.